Mwalimu Lea Nathanaeli Msengi (1954–2025) na Ubeti Wake wa Kampeni

Mchungaji, wazee wetu, ndugu wa ukoo wa Msengi na wa ukoo wa Kitundu, walimu, wanakwaya na majirani wote mliofika hapa Iguguno leo Ijumaa, tarehe 14 Februari 2025, tunawashukuru kwa kuacha palizi na kuja kulia nasi. Huyu aliyelala mbele yetu aliomba, wakati bado ana uwezo wa kusema, kwamba siku yake ikifika asomewe maisha yake yote, na sehemu ile ambayo watu huiruka nayo isomwe. Familia ilikaa juzi ikabishana. Mwisho ikakubali.

Lea alizaliwa tarehe 3 Juni 1954 katika kijiji cha Tumuli, mtoto wa tatu wa Mzee Nathanaeli Msengi na mama Evodia. Wazazi wake walilima uwele na mtama. Msimu wa ndege alipelekwa shambani kuwafukuza, na badala ya kurusha mawe kama wenzake yeye aliimba kwa sauti ya juu kutwa nzima. Mama yake, akiwa jikoni, alijua binti amesinzia pale wimbo ulipokatika, naye alitoka na kumwita mpaka uanze tena. Ndivyo sauti ile ilivyokomaa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1963 hadi 1969. Akiwa darasa la tano, mwalimu mkuu alianguka na baiskeli mbele ya gwaride la asubuhi, kofia ikaenda huku na kiatu kule. Kabla ya saa ya mapumziko Lea alikuwa ameshatunga wimbo, na kabla ya kengele ya kwenda nyumbani shule nzima ilikuwa inauimba. Aliitwa ofisini. Mwalimu akamwambia, "Uimbe hapa mbele yangu, wote." Akauimba hadi mwisho. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani, kisha akampa adhabu ya kufagia ofisi. Lea alirudi nyumbani akiamini kwamba wimbo ukiwa mtamu, anayeimbwa husamehe. Alikaa na imani hiyo miaka mingi.

Baada ya kufundisha madarasa ya watu wazima kijijini, alichukuliwa katika mafunzo ya ualimu chini ya mpango wa UPE, wa elimu ya msingi kwa wote, na kuanza kazi mwaka 1977. Alifundisha shule mbalimbali za eneo hili hadi alipostaafu mwezi Juni 2014. Wengi waliosimama hapa na mvi zao walijifunza jedwali la kuzidisha kwa nyimbo zake, na wapo ambao hata leo hawawezi kuijua saba mara nane bila kwanza kuimba moyoni kuanzia saba mara moja. Katika usharika alikuwa mwalimu wa kwaya. Alikuwa mkali kwa wanaochelewa mazoezi, na mpole kwa wasio na sauti, ambao aliwaweka katikati ya wenye sauti na kuwaambia wafungue mdomo tu.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na Filipo Kitundu, bwana shamba, na Mungu akawapa watoto watatu: Peniel, Hana na Paschal. Katika nyumba hiyo ya Iguguno alimkuta pia wifi yake, Yustina, mdogo wa Filipo, msichana mwembamba mwenye maneno machache. Wakashibana. Walisuka pamoja, walipura alizeti pamoja, na Yustina alipoolewa kijiji cha jirani, Lea alilia kama aliyeolewa ni yeye.

Hapa inabidi kusema jambo ambalo Yustina mwenyewe ameruhusu lisemwe. Mwaka 1984 Yustina alijifungua mtoto wa kike. Mtoto hakumaliza juma. Lea ndiye aliyeitwa. Alimwosha mtoto yule kwa mikono yake, akamfunga katika kanga yake mwenyewe, na akakaa na wifi yake chini sakafuni mpaka waliokwenda kuzika waliporudi. Yustina hakupata mtoto mwingine. Mumewe alimrudisha kwao mwaka uliofuata, na Filipo akampa dada yake kiwanja ng'ambo ya njia, akajenga. Hana alipozaliwa, mwaka 1986, Lea alikuwa akienda kazini alfajiri, na aliyembeba Hana mgongoni hadi mtoto akajua kutembea ni shangazi yake Yustina. Hayo yote Lea aliyajua kuliko mtu mwingine yeyote duniani.

Sasa tufike mwaka 2015.

Familia hii, kama mnavyoijua, haikuwahi kukaa pembeni kwenye siasa. Mwaka ule ilizama mzimamzima. Ilimuunga mkono mgombea mmoja wa urais ambaye jina lake halitatajwa hapa, wala la mpinzani wake, kwa kuwa mazishi si mkutano wa hadhara. Mzee Filipo alikuwa mratibu wa kampeni wa kata. Baraza la nyumba liligeuka kuwa ofisi, bendera zikafungwa hadi kwenye kichanja cha vyombo, na picha ya mgombea ikatundikwa sebuleni kando ya picha ya harusi, yake ikiwa kubwa zaidi. Peniel alizunguka vijijini na pikipiki. Paschal alileta fulana kutoka Singida mjini. Mzee alikuwa na jogoo aliyempa jina la mpinzani, akaapa kumchinja siku ya ushindi. Jogoo yule alikuja kuliwa na wageni wa Pasaka bila hotuba yoyote.

Kazi ya Lea ilikuwa wimbo. Aliutunga mzuri, mwepesi kushika, wenye kiitikio kilichosema kesho ya watoto wetu tumempa yeye. Shamte, mfanyabiashara wa mjini aliyekuwa na gari la matangazo, aliurekodi na kuupiga kutoka hapa hadi Kinyangiri, na watu walisimama kando ya barabara kuusikiliza hata wale wa upande wa pili.

Yustina alikuwa wa upande wa pili. Hakufanya fujo. Kilipoitishwa kikao cha familia cha kugawana majukumu, alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kaka, mimi simo. Kura yangu nimeshaamua," akaaga akaenda kupika. Siku ya mnada alionekana amejifunga kitenge chenye picha ya mgombea wake, anauza vitunguu kama kawaida. Watu wakaanza kumtania Filipo kwamba anaomba kura za kata nzima na ya dada yake imemshinda.

Filipo aliingia ndani siku hiyo amevimba. "Mama Peniel," akamwambia mkewe, "huyu mtoto wa mama yangu ananivua nguo mbele za watu. Mtafutie ubeti."

Lea alikuwa anapepeta alizeti. Ubeti ulimjia kabla ungo haujaisha:

*Asiyezaa hajui kesho,*
*msimwulize habari za kesho.*

Hana, aliyekuwa ameolewa Ikungi na kuja nyumbani kusaidia kampeni, alimsikia mama yake akiujaribu. Alikuwa na miaka mitatu katika ndoa na hakuwa amepata mtoto.

"Mama, huo ubeti uache," akasema.

"Haukuhusu wewe."

"Najua unamhusu nani. Ndiyo maana nasema uuache."

"Ni siasa tu, mwanangu. Kampeni ikiisha, yote yanaisha. Tutacheka naye."

Mgombea alifika Iguguno mchana wa jua kali. Uwanja ulijaa. Kwaya ya akina mama ilipanda mbele ya jukwaa, Lea mbele yao na kipaza sauti. Waliimba beti zile zinazojulikana, kisha akauingiza ule mpya. Kwanza watu waligeukiana, kama wanaojiuliza kama wamesikia vizuri. Kisha kikapasuka kicheko. Waliomjua Yustina walicheka kwa kumjua, na wasiomjua walicheka kwa kuona wenzao wanacheka. Jukwaani mgombea, ambaye hakujua kinachoendelea, alipiga makofi akasema, "Rudieni hapo! Rudieni!"

Ndipo Lea alipoinua macho, akamwona Yustina. Alikuwa kando ya barabara, beseni la vitunguu liko miguuni pake, amesimama wima. Walitazamana. Katika maisha yake yote yaliyobaki, Lea aliporudia habari hii kwa watoto wake, hakujitetea kwa ule uimbaji wa kwanza wala hakuusemea sana. Alikuwa akisema hivi: "Mara ya kwanza niliimba kwa upumbavu. Mara ya pili nilikuwa nimemwona."

Maana aliimba tena. Makofi yalikuwa mengi, mume wake alikuwa anainua mikono, kwaya ilikuwa imeshaanza kuitikia. Alirudia ubeti ule huku anamtazama mwanamke ambaye mtoto wake alimwosha. Yustina akainama, akajitwisha beseni, akaondoka taratibu, bila kugeuka.

Kura zilipigwa, zikahesabiwa, aliyeshinda akashinda. Bendera ziliteremshwa, Shamte akaligeuza gari lake kutangaza dawa za mifugo. Ubeti peke yake ndio haukuteremka. Ulikuwa mtamu mno. Watoto waliokuwa wanachunga mbuzi waliuimba. Wasichana waliuimba wakiruka kamba. Ulikatika ukaachana na wimbo wake, ukaacha hata jina la mgombea, ukabaki wenyewe.

Lea alivuka njia kwenda kwa wifi yake baada ya uchaguzi. Alibeba kuku. Alimkuta Yustina amekaa kwenye kigoda anachambua vitunguu.

"Wifi, nimekuja."

"Nimekuona. Karibu."

"Ule ubeti... zilikuwa kampeni, wifi yangu. Tuseme yameisha."

Yustina alichukua kitunguu kingine. Nyuma ya nyumba mbuzi walikuwa wanapita, na sauti ya mtoto ilisikika, inaimba. Wote wawili waliisikia hadi ilipopotelea bondeni.

"Mwambie huyo kwanza aseme yameisha," Yustina akasema. "Kuku wako rudi naye. Ana vifaranga."

Basi Lea akajaribu kuwaambia watoto. Alikwenda shuleni alikostaafia, akaomba ruhusa ya kusema na wanafunzi mstarini. Akawakataza kuimba ubeti ule, akawaambia ni maneno mabaya yanayomuumiza mtu. Nusu ya watoto hawakuwahi kuusikia. Wakaulizana ni upi, wenzao wakawaonyesha, na siku hiyo waliorudi nyumbani wakiuimba walikuwa wengi kuliko waliokuja nao. Mwalimu aliyesomesha miaka thelathini na saba alisimama nyuma ya uzio akiwasikia, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuona aibu ya kuitwa mwalimu.

Aibu kubwa zaidi ilikuwa njiani inakuja. Ubeti ulikuwa kwenye simu za watu, nao ulishafika Ikungi. Pale alipoolewa Hana, jikoni, mawifi walianza kuuimba kwa mguno wakati anapakua ugali. Hakuna aliyemtukana. Walikuwa wanaimba tu, wimbo maarufu, tena wimbo wa mama yake mzazi. Hana angelalamika kwa nani? Alivumilia hadi mwezi Agosti 2017, akafunga mzigo.

Lea alikuwa uani anaanika mlenda alipomwona binti yake anashuka kwenye bodaboda na begi. Alisimama, akafuta mikono, akatabasamu. Hana alisema, "Shikamoo mama," akapita. Alivuka njia na kuingia kwa shangazi yake.

Jioni Lea alikwenda kusimama kwenye mlango ule. Hakubisha hodi. Yustina ndiye aliyetoka.

"Analala," akasema.

"Amekuambia nini?"

"Ameniambia wanachoimba."

Yustina alimwangalia kwa muda, na wala hakuwa na furaha ya mtu aliyelipiziwa kisasi. "Huyu nilimbeba mimi," akasema. "Mwache alale."

Usiku huo Mzee Filipo alimwuliza mkewe mbona hali chakula. Alimjibu kwa Kinyiramba, maneno ambayo mzee hajapenda yaandikwe, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao ya miaka arobaini walikaa meza moja bila kuangaliana.

Jumapili tarehe 8 Aprili 2018, baada ya matangazo, Lea aliomba nafasi kanisani. Alisimama mbele akasema ubeti ule aliutunga yeye, akauimba kwa kusudi, na kwamba mtoto wa Yustina alimwosha kwa mikono hiyohiyo aliyoshikia kipaza sauti. Kanisa lililia. Alijivua ualimu wa kwaya siku hiyo na akatoka akijiona ametua mzigo.

Yustina hakuwepo ibadani. Alipopata habari alivuka njia mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kampeni. Alisimama mlangoni amekasirika.

"Uliniimba mkutanoni," akasema. "Sasa umenihubiri kanisani. Kumwosha mtoto wangu kulikuwa siri yangu na yako, leo kila mtu ananipa pole sokoni. Lini utaniacha, Lea?"

Hakumwita wifi. Alimwita jina.

Lea alisema baadaye kwamba siku hiyo ndipo alipoelewa kwamba hata toba yake alikuwa ameitafutia jukwaa. Tangu hapo hakuizungumzia tena kwa watu. Aliacha kuimba hadharani, hata kwenye harusi ya Paschal alikaa akapiga makofi tu. Msimu wa kilimo ulipofika alilima na shamba la Yustina. Alikuwa anatangulia asubuhi, anafanya mistari michache upande wa mpaka, anarudi kwake. Yustina aliona. Hakushukuru, hakumkataza. Miaka ikaenda hivyo, nyumba mbili zikitazamana, Hana akiwa daraja kati yao na chungu cha mboga mkononi. Kuna msimu Yustina alituma salamu kwamba mistari ile imebanana mno, alizeti zitakonda. Lea alifurahi siku nzima kana kwamba ameandikiwa barua.

Kuhusu ugonjwa: marehemu alikuwa na shinikizo la damu tangu mwaka 2011. Tarehe 20 Novemba 2023 alipata kiharusi akiwa jikoni. Alilazwa Hospitali ya Mkoa, Singida, akaruhusiwa kabla ya Krismasi, upande wa kulia umelegea na maneno yamebaki machache. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa upendo wao. Asubuhi ya pili baada ya kurudishwa, Yustina aliingia na ndoo ya maji ya moto. Filipo alisimama kumpokea, akaanza kusema asante dada yangu, tunajua umesamehe.

"Sikuja kusamehe, kaka," akamkatiza. "Nimekuja kumgeuza. Hana peke yake hamwezi."

Akamgeuza, akamwosha. Akaja kesho yake pia, na kila siku baada ya hapo kwa mwaka mzima na zaidi. Lea alikuwa hawezi kusema sentensi, lakini Yustina alipoingia alifumba macho, na machozi yalishuka upande mmoja, kwa kuwa upande wa pili ulikuwa hauna nguvu hata ya kulia vizuri. Yustina aliyafuta kama alivyofuta jasho na kuendelea na kazi. Mara moja tu Hana alimsikia shangazi yake akisema kwa sauti ya chini, "Basi, wifi. Nyamaza. Maji yanapoa."

Mwalimu Lea alifariki nyumbani kwake alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka sabini. Waliomwandaa ni Hana na Yustina.

Katika kikao cha juzi, Peniel na Paschal walitaka habari za ubeti ziondolewe. Walisema mama yao amefanya mema mengi, na ni kweli, mmeyasikia na mengine mnayajua wenyewe. Aliyewanyamazisha ni Mzee Filipo, ambaye hakuwahi kulisemea jambo hili kwa miaka tisa. Alisimama kwa fimbo yake. "Someni," akasema. "Na muweke kwamba aliyemwomba atunge ni mimi. Mwenzangu amebeba aibu yetu wote wawili mpaka imemlaza. Niachieni na mimi yangu, nikae nayo mbele za watu." Kisha akamgeukia dada yake, akafungua mdomo, na hakuweza kuendelea. Imeandikwa kama alivyosema.

Marehemu ameacha mume, Mzee Filipo Kitundu, watoto watatu, Peniel, Hana na Paschal, wakwe, wajukuu watano, na ndugu zake wa Tumuli. Ameacha pia wifi yake, Yustina. Tulipomwuliza aandikwe vipi katika karatasi hii, alifikiri sana, akasema, "Msiandike kwamba nilimsamehe. Sijui. Andikeni nilikuwepo."

Alikuwepo.

Mungu ampokee Mwalimu Lea binti Nathanaeli, ampe mapumziko yenye amani. Amina.